Koti la Mpiga Picha

Kingsbury, London
2 Mei 1971

Mwanangu Ameir,

Nakubusu macho yote mawili, na kama huko hawabusiani, basi simama mbele ya kioo ujibusu mwenyewe kwa niaba yangu.

Miaka saba sina habari yako. Kila Mchina niliyekutana naye London nimemsimamisha nikamuuliza, naye akimtazama mwanamke mwenye buibui anayemwambia ana mtoto China, akidhani nina wazimu. Mpaka mwezi uliopita, kwenye hoteli moja ya chakula huko Soho, nikampata mzee aliyekuwa akinunua majongoo ya bahari ya marehemu baba yako, Mchina mwenzake. Anajua ami yako alikokupeleka. Akaniandikia anwani kwa Kichina nami nimeinakili, kila kijiti mahali pake. Ikikufika barua hii ujue mama yako sasa anaandika Kichina.

Ami yako alipokuchukua Unguja mwaka ule wa 1964 alinambia unakwenda kusoma. Hebu nijibu upesi umesoma nini, maana hapa nimekwisha sema wewe ni injinia.

Sisi hatujambo, na zaidi ya hatujambo. Paspoti ya Hong Kong ya baba yako ndiyo iliyotutoa Mombasa, mimi na mdogo wako Zainab, tukaingia huku mwezi wa pili 1968, kabla Waingereza hawajafunga mlango. Tunakaa Kingsbury, nyumba ya ghorofa, bustani mbele na bustani nyuma. Mtaa mzima ni Wahindi wa kwetu, wa Nairobi, wa Kisumu, wa Mombasa. Dukani unauliza bei kwa Kiswahili na unagombana kwa Kiswahili. Bwana Praful, mwenye duka la vitambaa, hafanyi jambo nyumbani bila ya kuniuliza mimi. Zainab anasomea uuguzi, na madaktari wanamwogopa.

Natia picha. Koti hilo la manyoya ni la baridi ya huku, na sofa iliyo nyuma yangu ni ya ngozi. Nilipokuwa nikipigwa picha nilikukumbuka sikukuu ile, kwa mpiga picha wa Mkunazini. Alikuvisha koti lake la wateja na saa yake ya wateja, mikono ya koti ikakupita vidole, nawe ukalia ulipoambiwa uvue. Nikakwambia usilie, koti ni la mpiga picha lakini picha ni yako.

Mama yako mzazi,
Mardhiya binti Vuai


Shamba la Chai la Waliorejea, mkoa wa Kantoni
20 Julai 1971

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia na nakubusu mikono. Barua yako imenifika. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Mimi si injinia, mama. Skuli ilifungwa 1966, na sisi tuliotoka ng'ambo tukaletwa hapa. Ni kijiji kilichojengwa kwa ajili ya Wachina waliorudi kutoka nchi za watu. Wa kwanza walikuja 1960 kwa meli kutoka Java, baada ya kunyang'anywa maduka yao. Walishushwa na baiskeli zao na vyerehani vyao, wakaonyeshwa vilima vitupu vyenye makaburi ya watu wasiowajua, wakaambiwa kwenu ni hapa. Matofali wamefyatua wenyewe. Sasa ni safu za nyumba, kila familia chumba chake, na chai mpaka macho yanapokomea. Wako wa Java, wa Malaya, wa Burma. Wa Afrika nilikuwa mimi na ami. Ami alifariki mwaka juzi kwa kifua.

Wenyeji wa vijiji vya bondeni wanatuita wanywa kahawa. Wana haki. Jirani yangu Bi Giok, mzaliwa wa Semarang huko Java, ana mibuni yake nyuma ya jiko. Hukaanga buni akiwa amefunga mlango, lakini harufu haifungiki. Yeye husema sabun, mimi nasema sabuni, yeye kabar, mimi habari, na hivyo ndivyo alivyonilea. Wazee walikuja na saruni zao, kama vikoi vya kwetu. Siku hizi ni matambara ya jikoni, tangu vijana wa mjini wenye vitambaa vyekundu mikononi walipotutembelea mwaka 1967 kukagua vitu vya ng'ambo.

Kazi yangu ni mashine ya kukaushia majani. Ilikuwa imekufa. Niliitia mkanda wa mpira wa baiskeli ikafufuka, na mpaka leo haimsikii mtu ila mimi.

Sasa sikiliza, mama, hili ni kubwa. Mtu aliye na mzazi ng'ambo sasa anaweza kuomba ruhusa ya kutoka amfuate, ikiwa mzazi ni mnyonge au mgonjwa na hana wa kumtazama. Nimeomba. Ofisi itaamua kwa yale anayoandika mzazi mwenyewe. Mjini yupo mwalimu aliyesoma Kiswahili, na barua zako anazifasiri yeye kabla hazijanifikia. Hapitwi na neno. Nakumbuka miguu yako ilikuwa ikivimba. Niandikie habari za miguu.

Mwanao,
Ameir


Kingsbury
3 Septemba 1971

Mwanangu, roho yangu,

Mungu amrehemu ami yako. Nilimchukia miaka saba, na sasa sina wa kumchukia.

Nimefurahi kusikia barua zangu zinasomwa na mwalimu. Nami niliacha skuli darasa la nne, lakini hati yangu waliisifu tangu hapo. Msalimie. Mwambie Kiswahili cha Unguja hakipatikani katika vitabu, akitaka neno aniulize.

Umeuliza miguu. Miguu ni mizima, inapanda ngazi kama ya msichana. Nimeelewa unachotaka, usinione mjinga. Lakini wewe ulitoka kwangu mtoto, ofisi huzijui. Mimi nimeingia ofisi za Unguja, za Mombasa na za hapa. Karani hamhurumii mnyonge, mnyonge huambiwa njoo kesho. Mombasa nilikwenda kufuata paspoti nimevaa kanga iliyopauka, nikakaa kwenye benchi mpaka wafagiaji wakanijua kwa jina. Nikaazima bangili za dhahabu kwa jirani. Siku hiyo hiyo nikaitwa ndani, nikapewa kiti, karani akaniita mama. Sasa nikiwaandikia Wachina kwamba mimi ni mwanamke wa kuhurumiwa, nani atanyanyuka kwenye kiti chake kwa ajili ya mtoto wangu? Waache wajue wewe ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo natia picha nyingine, na hii waonyeshe wakubwa. Motokaa hiyo nyeupe imeoshwa asubuhi ile. Ufunguo uko mkononi mwangu, utazame vizuri. Na nyuma ya nyumba tuna chumba kinachokungoja, kina dirisha la bustani.

Mpe Bi Giok salamu zangu na umwambie amekulea vyema, lakini sasa basi, arudishe.

Mama yako,
Mardhiya binti Vuai


Shamba la Chai
11 Februari 1972

Mama yangu,

Nakuamkia. Ombi langu limerudi. Mwenyekiti wa shamba alilijibu mkutanoni, watu wote wakisikia. Alisema mwenye motokaa hahitaji mtoto wa kumkorogea uji.

Picha yako ilipitishwa mkono kwa mkono. Bi Giok aliitazama kwa muda mrefu. Alinambia baadaye, "Mama yako mzuri. Mwambie asiwe mzuri sana."

Nimetolewa kwenye mashine. Wamesema mtoto wa watu wa namna ile anafaa kujifunza kazi kwanza, basi niko mlimani navunja mawe ya barabara. Si kazi mbaya. Mashine imekufa tena, na majani ya mwaka huu yameoza mengi.

Naruhusiwa kuomba mara moja tu tena, mwakani. Neno la ndugu halitoshi, wanataka la mzazi kwa mkono wake. Mama, nakuomba kama ninavyokuomba radhi. Niandikie jinsi ulivyo. Ikiwa kweli uko kama ulivyo kwenye picha, niambie, nami nitaacha kuomba na nitashukuru Mungu. Ikiwa sivyo, niambie sivyo.

Ameir


London
12 Novemba 1972

Mwanangu,

Usione kimya, nilikuwa na wageni. Wahindi wamefukuzwa Uganda, umesikia huko? Wanashuka kwenye ndege na sanduku moja mtu na watoto wake, wanatiwa kwenye kambi za zamani za jeshi, nje huko mashambani kwenye upepo, kisha kila mtu anatafuta ndugu. Ndugu yake Praful na watoto wake wamekuja kutoka Kampala, nyumba imejaa mpaka ngazini. Nikaona si vizuri kubanana, nimewaachia nafasi. Tumehamia Walthamstow, pazuri sana, soko liko mlangoni, na treni inaanzia hapa hapa, kwa hiyo mimi hukaa kitini wakati wenzangu wa vituo vya mbele wanasimama.

Yale uliyoniomba nayafikiria. Huku baridi imeanza, koti langu linanitosha.

Mama


Walthamstow
26 Novemba 1972

Kaka Ameir,

Ni Zainab. Uliniacha nina miaka kumi na moja na jino la mbele lililovunjika, sasa nimetia jingine. Mama hajui kama naandika.

Hatujapata kuwa na nyumba Kingsbury. Mama alikuwa akimpikia na kumshonea mke wa Bwana Praful, na sisi tulilala chumba cha nyuma chenye tangi la maji ya moto. Koti la manyoya ni la mke wa Praful. Motokaa ni ya Praful, na ufunguo aliuazima kwa ajili ya picha tu, Praful mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, akimwambia, "Bi Mardhiya, cheka kidogo, umeshanunua." Si watu wabaya. Lakini ndugu yao alipotoka kambini na watoto, chumba kilihitajika. Sasa tuko Walthamstow, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Mama anafua mashuka ya hospitali. Anasimama kutwa kwenye maji. Miguu imekuwa kama magogo, na huikanda kwa chumvi mimi nikiwa nimempa mgongo, maana hataki niione.

Kusomea uuguzi ni kweli. Hilo moja ni kweli. Madaktari hawaniogopi.

Barua yako ya Februari niliiona jana tu. Nikamwambia, "Mama, miezi tisa. Mtoto anakuomba useme una miguu mibovu."

"Sitamwombea mwanangu kama mwombaji wa mlangoni pa msikiti."

"Basi mwache avunje mawe."

Akawa anakunja soksi ambazo zimeshakunjwa. Kisha akasema, "Na yule mwalimu atatuonaje?"

"Mama, mwalimu si mgeni wako. Hujamwalika chai."

"Anajua jina la baba yangu," akasema.

Ninajua ofisi haitalihesabu neno langu. Nimekuandikia ili wewe ujue. Nitamkalisha aandike, hata ikibidi nimfiche viatu.

Mdogo wako,
Zainab


Walthamstow
14 Januari 1973

Kwa mwanangu Ameir, na kwa mwalimu, na kwa ofisi,

Zainab amekaa mbele yangu. Amesema niandike kama ninavyosema kwa Mungu.

Mimi Mardhiya binti Vuai sina nyumba. Nyumba niliyoitaja ni ya watu, nilikuwa nikiwapikia. Sofa ni yao. Koti ni lao, na nilipolivua nililipiga brashi lisibakie na nywele yangu. Gari sijui hata kuliwasha. Nakaa chumba kimoja na binti yangu, choo tunashirikiana na watu wa chini. Kazi yangu ni kufua mashuka yaliyolaliwa na wagonjwa. Miguu yangu imevimba tangu Unguja na sasa imepasuka, na daktari amesema niache kusimama. Hakunambia nikiacha nile nini. Binti yangu ataolewa, na nitabaki peke yangu katika nchi ambayo saa kumi jioni ni giza. Sina mtu mwingine. Mume wangu yuko kaburini Unguja, na sijui kama kaburi lenyewe lipo. Mtoto wangu wa kiume ni huyu mmoja, mliye naye nyinyi. Nawaomba mnipe.

Hayo ndiyo. Nimeyaandika bila ya kulia.

Lakini kuna jambo nalisema mwenyewe, si Zainab. Mwalimu, wewe unanisoma siku nyingi, utanifahamu. Mimi ni maskini, mwanangu si maskini. Huyu skulini alikuwa wa kwanza kila mwaka, muulizeni yeyote aliyesoma naye. Huyu si mtu wa kuvunja mawe. Mashine yenu ya chai ilikufa na mafundi wenu wote wakaitazama, nani aliyeifufua kwa mkanda wa mpira wa baiskeli? Mlipomtoa si imekufa tena? Majani si yameoza? Hapo shambani hamna mwingine kama yeye, na hamtampata. Nataka mjue mnachonipa, msidhani mnanipa mtu wa hivi hivi.

Zainab ananiambia nifute kipande hiki. Nimekataa. Yote mengine ameniandikisha, hiki sikifuti.

Mama yake Ameir,
Mardhiya binti Vuai


Shamba la Chai
9 Mei 1973

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia, na nakubusu hiyo miguu.

Barua yako ilisomwa mkutanoni kwa Kichina. Ilipofika pa mashuka Bi Giok alilia, na wengine wenye watu wao Java na Malaya walilia pia, ingawa hawakusema wanamlilia nani. Mwenyekiti mwenyewe alisema huyu ni mama wa kweli. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, hakuacha hata neno.

Sasa habari njema. Wamekubaliana na wewe. Wamesema uliyoyaandika ya mwisho ni kweli tupu, mashine haina mwingine, na shamba haliwezi kumwachia mtu wa namna hiyo wakati majani yanaoza. Siku ya pili yake wakanirudisha kwenye nyumba ya kukaushia. Sasa mimi ndiye mkuu wa mashine zote, na nina vijana chini yangu. Mawe basi. Nimepewa chumba changu peke yangu, kina dirisha la kuelekea kwenye chai. Chakula ni kingi. Watu wananitafutia mke, msichana ambaye wazazi wake walitoka Burma, anapika mchuzi wenye nazi.

Kwa hiyo mama usihangaike tena na ofisi. Kuomba kumekwisha, na hata ningeruhusiwa, ningekujaje na kazi zote hizi? Fanya ulivyoambiwa na daktari, kaa chini. Zainab akuangalie.

Natia picha. Alikuja mpiga picha wa wilaya. Trekta hilo nyuma yangu ni jipya, na mimi ndiye ninayeamua liende wapi. Koti nimeshonewa mwaka huu. Saa inakwenda sawasawa. Waonyeshe watu wa Kingsbury.

Mwanao,
Ameir Lam, mkuu wa mashine


Walthamstow
1 Julai 1973

Mwanangu Ameir,

Picha imefika, haikukunjika. Nimepanda basi mpaka Kingsbury nikaionyesha duka kwa duka. Mke wa Praful amesema mwanao amepata nafasi kubwa, uso unaonyesha. Ndugu yao wa Kampala, aliyekuwa na matrekta yake mwenyewe na sasa anafagia kiwanda, aliishika picha muda mrefu akaniuliza ni trekta la aina gani. Nikamwambia la kwake mwanangu, akitaka lije linakuja.

Nimeitia fremu. Iko juu ya kitanda. Zainab ameitazama akasema, "Amenenepa." Nikamwambia ndiyo, amenenepa. Yeye nyuzi hazijui, ni mtu wa sindano za hospitali.

Mie nimeshona maisha yangu yote, Ameir. Mikono ya koti inakupita vidole.

Wakikwambia uvue, usilie.

Mama yako